Waya Mwembamba Ulioniunguzia Gia Boksi: Niliyowaambia Vijana wa Gereji Dodoma

Mbukwenyi jamani!

Naona walioitika hiyo salamu ya Kigogo ni wachache, hao wengine nadhani mmeshuka na SGR juzi, haina shida, Dodoma tunapokea wote. Nimeombwa niongelee kazi ya ile Camaro, maana kila mtu hapa mjini kaiona ikipeleka maharusi lakini ya huko chini ya gari hakuna aliyeyaona. Sasa mimi sio mtu wa kuongea, mimi ni mtu wa kulala chali kwenye boksi la karatasi, kwa hiyo nikirukaruka mnivumilie.

Gari yenyewe ni Chevrolet Camaro ya 1967. Hizi zilianza kuuzwa Marekani Septemba 1966 kama modeli ya 67, Chevrolet walikuwa wanawajibu Ford ambao Mustang yao ilitoka Aprili 1964 ikawa inachukuliwa kama njugu. Ni zile gari ambazo Wamarekani wanasema zina misuli, bodi ya kawaida tu halafu mbele wameshindilia V8, injini ya silinda nane. Hii ya mzee wetu ni 327, yaani inchi za ujazo 327, kwetu sisi ni kama lita 5.4, inakula kwa kabureta, usukani kushoto, na gia boksi iliyozaliwa nayo ni otomatiki inaitwa Powerglide. Powerglide ina gia ngapi? Mtu aseme. Tatu? Nne? Hapana baba, ni mbili. Gia ya kwanza, gia ya pili, basi, umemaliza.

Sasa mzee anaikodisha kwa maharusi. Harusi zetu mnazijua, msafara unatoka kanisani unatambaa kama kobe, matarumbeta mbele, mtu wa kamera kakalia dirisha, jua la saa nane la Dodoma, na gari ina gia ya kwanza ndefu ya 1.76 (injini inazunguka mara 1.76 propela izunguke mara moja), kwa hiyo konveta, lile bakuli la mafuta kati ya injini na gia boksi, inakoroga mafuta tu inazalisha joto, rejeta inaanza kulia. Halafu siku akikodiwa Morogoro ni kilomita kama 260, difu yake ni 3.55 (propela ikizunguka mara 3.55 tairi zinazunguka mara moja), tairi zina kipenyo cha kama sentimita 66, piga hesabu: kwenye kilomita 100 kwa saa injini inazunguka karibu 2,860 kwa dakika, saa nzima, inanguruma mpaka bibi harusi hasikii anachoambiwa. Mzee akaniambia, "Mwanangu, nataka gia ya kupumzikia." Nikamwambia mzee, hata ukipumzika trafiki wana tochi Kibaigwa. Akasema hatafuti mwendo, anatafuta ukimya. Nikamuelewa.

Najua mnachotaka kuuliza, maana nimeulizwa na kila fundi wa Majengo, mbona usitupe ile V8 uweke 1JZ, injini ya Toyota Mark II, na gia boksi yake, spea zipo kila kona. Mimi nilikataa. Gari ya 67 ukishaitoa injini yake umebaki na bodi la picha. Mtu mwingine anaweza kuwa na mawazo mengine, gereji yake.

Kwa hiyo tukatafuta gia boksi nyingine ya ukoo uleule wa GM, kampuni mama ya Chevrolet. Kuna TH350, iliingia 1969, nzuri na ngumu lakini ina gia tatu tu, ya mwisho moja kwa moja, haina ovadraivu, yaani gia ya kupumzishia injini kwenye mwendo, hapo tungepata nafuu ya kuondokea na barabara ndefu ingebaki vilevile. Kuna 4L60E za miaka ya 90, hizo zinabadilisha gia kwa kompyuta, na kwenye gari ya kabureta kompyuta utaitoa wapi, itabidi ununue boksi la pembeni la kuiendesha. Katikati hapo ndio kuna 700R4, ilianza 1982, gia nne, inafanya kazi kwa presha ya mafuta na haihitaji kompyuta. Gia ya kwanza 3.06, ya pili 1.63, ya tatu moja kwa moja, ya nne 0.70. Rudia hesabu ya kilomita 100: 2,860 inashuka mpaka 2,000. Na kwenye msafara wa harusi hiyo 3.06 ndiyo dawa yenyewe, gari inatambaa bila kuhangaika.

Gia boksi ya mtumba, na simaanishi Mtumba, mji wa serikali hapa Dodoma, tuliipata Dar kwa mtu anayeleta kontena kutoka Sharjah. Kule Uarabuni wamezitumia sana Suburban na pikapu za Chevrolet, zikigongwa zinakatwa, vipande vinakuja huku. Muuzaji akasema imetoka kwenye Suburban ya mwisho wa miaka ya 80. Muuzaji akisema kitu mimi naitikia kwa kichwa halafu naenda kuhesabu boli za sampu, lile beseni la mafuta chini ya gia boksi. 700R4 ina boli 16 kwenye sampu, TH350 ina 13, Powerglide 14. Halafu 4L60E nayo ina 16, kwa hiyo usishangilie bado, angalia ubavuni: 700R4 ina plagi ya pini nne na ina waya wa throto unaoingia upande wa kulia, 4L60E haina huo waya na plagi yake ni kubwa ina pini kibao. Halafu angalia mdomo unaokaa kwenye injini, zipo 700R4 zilizofungwa kwenye V6 ndogo ya 2.8, kwa nje ni ndugu kabisa lakini matundu ya mdomo hayakutani na V8, ukiibeba hiyo mpaka Dodoma umebeba nanga. Halafu hesabu meno ya shafti inayoingia kwenye konveta, za mwanzo mwanzo zina 27, zilizokuja baadaye zina 30 na ni ngumu zaidi, na konveta lazima ilingane na meno hayo.

Nilimwambia muuzaji nafungua sampu kabla sijatoa hela. Akanuna. Nikafungua. Mafuta yalikuwa mekundu yaliyochoka kidogo, chini kuna uji mwembamba wa kijivu, huo ni wa kawaida, hakuna vipande vya chuma, hakuna harufu ya kuungua. Nikalipa. Kumbukeni hapo, gia boksi ilikuwa nzima wakati nalipa, maana mbele huko kuna aibu yangu.

Muuzaji akatupa na ile sahani nyembamba yenye meno ya stata, ile inayounganisha injini na konveta, akasema "mzigo kamili huo bosi". Tukafika Dodoma, tukashusha Powerglide, tukaweka ile sahani kwenye kranki, shafti kuu ya injini yetu ya 327, boli hata moja haikai. Tukaizungusha, tukaigeuza, dogo mmoja akaenda kuleta tupa apanue matundu. Nikamwambia weka tupa chini. Kumbe ni hivi: mwaka 1986 Chevrolet walibadilisha oil sili ya nyuma ya V8 zao ndogo, kutoka ya vipande viwili kwenda ya kipande kimoja, na walivyobadilisha wakapunguza duara la boli za kranki kutoka inchi 3.58 mpaka inchi 3. Tena sahani za hizo injini mpya zina uzito wa kubalansi injini ile, ukilazimisha kwenye 327 hata kama boli zingekaa gari ingetetemeka kama mashine ya kusaga. Tukarudi kwenye sahani yetu ya zamani, bahati ina matundu ya duara mbili za konveta, ikakubali. Kama isingekubali tungesubiri ya kuagiza, lakini tupa hapana.

Kufunga gia boksi kwenye injini hapo ndio mtu anaua pampu bila kujua. Konveta inatakiwa iingie hatua tatu, shafti ya kwanza, shafti ya pili, halafu masikio ya pampu, unaisukuma huku unaizungusha, utaisikia inadondoka, tuk, halafu tuk, halafu tuk. Wengi wakisikia mbili wanafunga. Mdomo unabaki na nafasi ya kidole, wanachukua spana wanavuta kwa boli mpaka ujifunge, na hapo pampu imeshapasuka kabla gari haijawashwa. Mdomo lazima ukutane na injini kwa mkono mtupu, boli ni za kukazia tu. Na ukishafunga, konveta bado iwe inazunguka kwa kidole na kuwe na kama milimita 3 kati yake na ile sahani, ndipo unaivuta mbele unaifunga. Mimi huwa napima kwa kupitisha kijiti cha biti ya drili ya milimita 3, sina kifaa cha maana.

Chini ya bodi ilikaa vizuri, handaki la katikati la Camaro hizi ni pana, hatukugonga nyundo. Ila 700R4 ni ndefu kuliko Powerglide kwa kama inchi tatu na kiti chake cha mauntini kimerudi nyuma kama inchi mbili, kwa hiyo ile krosimemba, chuma cha kukingama kinachobeba gia boksi, ikarudishwa nyuma, tukatoboa matundu mapya kwenye fremu, na propela shafti, ile inayopeleka mzunguko kwenye difu, ikafupishwa. Meno ya pua ya propela ni yaleyale 27 kwa gia boksi zote mbili, hapo tuliokoa hela. Propela pimeni gari ikiwa imekaa kwenye tairi zake, sio imening'inia kwenye jeki, maana ekseli ikining'inia kipimo kinadanganya. Ingiza pua mpaka mwisho, irudishe nje kama sentimita mbili, ndio upime. Mkerezaji alikata na kuchomelea hapahapa, kubalansi tukatuma Dar.

Sasa waya.

700R4 ina waya mwembamba unatoka kwenye kabureta unashuka mpaka ndani ya gia boksi. Mliofungua Mark II na Surf za zamani mmeshauona ndugu yake. Wengi wanadhani ni waya wa kubadilishia gia haraka, wa kufanya gari ichomoke ukikanyaga. Kazi yake kubwa ni presha. Ukikanyaga mafuta kidogo waya unavuta kidogo, gia boksi inajua injini haijaleta nguvu nyingi, inabana klachi kwa presha ndogo. Ukikanyaga sana waya unavuta sana, presha inapanda, klachi zinabanwa kwa nguvu zisiteleze. Kwa hiyo waya ukidanganya, gia boksi inadanganyika. V8 inakuja na nguvu zote na klachi zimeshikwa kama mtu anayeshika kikombe cha chai ya moto.

Kabureta ya 1967 haikutengenezwa kwa ajili ya waya huu, haina pa kuushikia. Nikachonga kipande cha bati nene, nikatoboa tundu, nikakifunga kwenye mkono wa throto, ule unaofungua kabureta ukikanyaga mafuta. Kazi safi, nikaipiga na rangi nyeusi. Dogo wangu akakaa ndani akakanyaga mafuta mpaka chini, mimi naangalia, naona waya unatembea, nikasema haya, shuka. Akashuka akaja kuangalia mwenyewe, akauvuta waya kwa mkono, akasema, "Fundi, mbona kwa mkono unakuja mrefu kuliko kwa pedeli?"

Nikamjibu nini? Nikamwambia leta mafuta ya hidroliki tujaze. Yaani nilimsikia kabisa. Ilikuwa Ijumaa saa kumi na moja, mzee kakaa kwenye benchi na kanzu yake anasubiri gari, Jumamosi kuna harusi.

Tukajaza karibu lita 11, maana ilikuwa kavu pamoja na konveta, tukawasha, tukapitisha kila gia, ikaingia laini kama siagi. Ule ulaini, yaani presha ndogo, ndio ulitakiwa unishtue, na mimi nikajisifu. Nikatoka nayo na mzee, tukapitia mtaa wa Kisasa, tukashika barabara ya Ihumwa. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne inaingia hata huisikii, injini imetulia, mzee anacheka peke yake. Tulipogeuza nikataka kumuonyesha nguvu, nikakanyaga. Sindano ya mzunguko ikaruka juu, gari imebaki palepale kwenye mwendo uleule. Nikaachia, nikakanyaga tena kama mjinga, ikaruka tena. Halafu ikaja ile harufu. Mliowahi kuunguza klachi mnaijua, inafanana na nywele zilizochomwa na maandazi yaliyoungua kwa pamoja. Mzee akaniuliza, "Ni breki?" Nikamwambia ndio mzee, breki. Mungu anisamehe.

Tulirudi gereji kwa gia ya kwanza na ya pili. Jumamosi maharusi walipanda Noah iliyofungwa maua. Jumapili tukashusha sampu, mafuta yamekuwa kama kahawa ya jana, chini kuna unga mweusi. Klachi za gia ya tatu na ya nne, ambazo kwenye 700R4 ni pakiti moja na ndiyo sehemu yake dhaifu, zote zimebaki chuma kitupu, nyingine zimegeuka bluu. Safari nzima kwenda na kurudi haikufika kilomita 20.

Nikamwita dogo, nikamwambia kanyaga mafuta mpaka mwisho. Nikaweka alama kwenye waya kwa chaki. Halafu nikauvuta kwa mkono mpaka ugome. Kulikuwa na zaidi ya sentimita moja ambayo pedeli haikuwahi kuifikia. Tundu nililotoboa lilikuwa karibu mno na mhimili wa throto, kwa hiyo mkono ulizunguka wote na waya ukatembea nusu. Ukitoboa tundu mbali na mhimili waya unatembea zaidi, ukitoboa karibu unatembea kidogo, hesabu ya mtoto wa shule, na mimi nina miaka ishirini na kitu kwenye hii kazi.

Seti mpya ya klachi iliagizwa nje, ikachukua wiki tano. Nililipa mwenyewe. Wakati tunasubiri nikachonga kipande kingine, mara hii nikapima kwanza mwendo wote wa waya kwa mkono, halafu nikatafuta tundu ambalo throto ikifunguka kabisa waya nao umefika mwisho kabisa, na throto ikirudi waya usiwe umelegea wala usiwe umevutwa. Vyote viwili, sio kimoja. Zipo za kununua zimeshapigwa vipimo kwa kabureta za Holley na za Rochester, kama una mtu wa kukuletea nunua, usijifanye mhunzi kama mimi. Na gari haiwashwi kwangu mpaka mtu wa pili aje kuuvuta huo waya kwa mkono na kulinganisha na pedeli. Mtu wa pili mwenyewe ni dogo. Siku hizi ananiringia.

Mambo mengine niyapitie haraka, naona maji ya kunywa yameshafika. Kwenye konveta kuna lokapu, klachi ndogo inayoifunga isiteleze ukiwa kwenye mwendo, inafanya kazi kwa umeme kupitia ile plagi ya pini nne. Msiiache bila waya eti gari inatembea, itatembea lakini kwenye gia ya nne konveta itateleza safari nzima na joto litakula mafuta. Sisi tuliupitisha umeme kwenye swichi ya breki ili ukigusa breki lokapu iachie, na ndani kwenye gia boksi kuna swichi ya presha inayoiruhusu ikifika gia ya nne tu. Kupoza mafuta tukaongeza kikula kidogo mbele ya rejeta, kwa jua hili sio anasa. Mkono wa gia wa zamani una vituo vichache kuliko gia boksi mpya, tulirekebisha tu vyuma mpaka P, R na N zikae sawa na gari isikubali kuwaka ikiwa kwenye gia, herufi zilizobaki mzee amezikariri kichwani, anasema hamkodishi mtu bila dereva hata hivyo.

Mara ya pili ilipowaka gia zilikuwa zinaingia kwa kishindo kidogo, unaisikia kiunoni. Mzee akasema ile ya kwanza ilikuwa laini zaidi. Nikacheka, sikumjibu. Tulienda mpaka Kibaigwa na kurudi, mimi na yeye na dogo kiti cha nyuma, kwenye 2,000 imetulia, mzee akaanza kunisimulia habari za shamba lake la zabibu na nikasikia kila neno.

Zile klachi zilizoungua ninazo kwenye hii ndoo hapa mezani, na kile kipande changu cha bati cheusi chenye tundu la kijinga kipo humohumo. Njooni mshike. Anayetaka kunusa anuse, harufu bado ipo.